Daftari Yenye Mafuta ya Mawese

Mujukuu wangu Grâce,

Hapa Mangobo tuko wazima wote. Papa yako amerudi kutoka Bengamisa na makemba mengi, ndizi za kupika, hata majirani wanashiba.

Unaniuliza kama ufute hadithi yako ya mashua inayoruka mpaka mwezini, kwa sababu wasomaji wa kwenye mutandao wamekuandikia kwamba sura ya tatu inachosha.

Bon, sikiliza. Nikiwa musichana niliandika kwenye daftari hadithi ya muji chini ya mto, ambako samaki wanauza watu sokoni. Daftari ikazunguka darasa zima. Ikarudi imejaa mafuta ya mawese, maana wenzangu walikuwa wanasoma huku wanakula lituma, ndizi za kuponda, kwa mikono. Nikalia kwa hasira! Halafu nikafika kurasa za mwisho: safi kabisa. Hakuna mutu aliyezigusa. Hapo ndipo moyo uliniuma kweli, nikakaa nikaziandika upya.

Wanaolalamikia sura ya tatu, angalau wameifikia. Na kweli inachosha, Grâce, hata mimi nilipiga miayo. Lakini ile ya kwanza niliisoma jana mezani huku ninakula, kwenye simu ya tonton wako, ndugu ya papa yako, na mpaka leo anapangusa kioo akinigombeza.

Koko wako