Nilicheka Kwenye Khitma ya Shihab

Bi Khamisa wa redioni, baada ya salamu nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana nimemuudhi mama wa marehemu rafiki yangu na sasa nikimwona sokoni napita uchochoro mwingine kama mwizi. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kismayo, naitwa Mansur. Rafiki yangu Shihab nilikua naye kisiwani Ngumi, babu zake wote wavuvi, lakini yeye akipanda boti tu anatapika, na bado akaenda kujiandikisha jeshi la majini, nikamuuliza, "Wewe una akili?" akanijibu, "Nitatapika na kazi nitaifanya," na kweli aliifanya miaka mitatu, mpaka mwaka jana boti ya wavuvi ilipopinduka karibu na kisiwa cha Fuma, akawatoa wanne, akarudi majini kumfuata wa tano, yule wa tano akapona lakini Shihab wimbi likamchukua, naye ana miaka ishirini na minne tu.

Mwezi uliopita ilikuwa khitma ya kutimiza mwaka, nyumba imejaa watu, mkubwa wake wa kazi akasimama akasema, "Kijana huyu bahari haikuwahi kumsumbua hata siku moja," na mimi, Bi Khamisa, ikanijia safari yake ya kwanza ya kwenda Ras Kamboni, nami nilikuwemo kuangalia injini, alipotapika ndani ya kiatu cha mkubwa huyohuyo, kisha akasimama wima, akapiga saluti, akasema, "Afande, kiatu cha pili ki salama." Nikacheka. Nikajaribu kukigeuza kiwe kikohozi, kicheko kikazidi mpaka kofia ikanianguka, na Mama Mwanahija, mamake Shihab, akafunua pazia la upande wa wanawake akanitazama. Nilitoka hata pilau sikuonja.

Sasa mke wangu Zakiya amejifungua mtoto wa kiume, tunataka kumwita Shihab, akika ni Ijumaa, na siwezi kulichukua jina hilo bila idhini ya mama yake, wala siwezi kusimama mbele yake. Nifanyeje?

*Bi Khamisa anajibu:*

Mansur, pole kwa rafiki na hongera kwa mtoto. Hayo nimeshayasema, sasa nikukaripie.

Kucheka si kosa lako. Kicheko hakibishi hodi. Kosa lako ni kukimbia. Mama amezika mwanawe, halafu rafiki wa mwanawe naye anampotea mwezi mzima, na wewe hiyo unaiita aibu? Mimi naiita uoga. Shujaa wa Fuma mji wote unamjua. Huyu aliyepiga saluti mbele ya kiatu kilichojaa, mnamjua wangapi? Na wewe umemfungia moyoni mwako peke yako, mchoyo we!

Kesho baada ya alasiri nenda kwake. Usimtume mtu, usipige simu. Mtoto mwache kwa mamake, arobaini haijaisha. Omba radhi kwanza, kisha mweleze kisa chote, usiruke hata neno. Akilia, kaa naye. Akikufukuza, rudi keshokutwa. Jina liombe mwisho.

*Jumatano Mansur alinitumia ujumbe wa sauti, na ameniruhusu niusome:*

"Bi Khamisa, nimekwenda. Nilimweleza yote, akajifunika mtandio usoni, mabega yakawa yanatikisika, nikasema basi, nimemliza. Kumbe anacheka! Akaniambia, 'Mwanangu, sare zake ulidhani zikifuliwa na nani? Mchu mzima, mkubwa wa kazi, akanambia bahari haikumsumbua, nami nilimaliza sabuni!' Siku ile ya khitma alifunua pazia kumtafuta anayecheka, maana naye alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Jina ametukubalia, na Ijumaa atakuja kumbeba mtoto mwenyewe. Nikainuka niage, akanishika mkono.

'Waenda wapi? Keti. Sasa nikueleze yeye alivyokuwa akikucheka wewe.'"