Spika Tano na Viti Viwili

Barabara ya Saba, Ngamiani,
Tanga.
12 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Talal,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. U hali gani huko Maskati? Aliya hajambo? Na mwanangu Badr, bado anakataa samaki? Goti lako je? Uliniambia mwezi wa saba kwamba linavimba ukishuka ngazi, sijui kama ulikwenda kulionyesha hospitali au bado unalisingizia joto. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Presha inapanda na kushuka, lakini dawa nakunywa, na macho yananitosha kukuandikia.

Utashangaa karatasi ya nini na simu ipo. Simu yako, Talal, kila nikipiga uko ndani ya gari. Nasalimia, unasalimia, nikifika kwenye neno lenyewe unasema, "Dada, nakupigia baadaye." Hiyo baadaye yako sijaiona. Basi nampa barua hii Sele, jirani yetu wa nyuma, anayekwenda Jumamosi kumwangalia binti yake huko. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka uifungue.

Kwanza asante kwa mzigo. Risiva yako, hii mashine ya kuendeshea spika, imefika salama, haina hata mkwaruzo. Unakumbuka nilikwambia Ramadhani kwamba tangu mama atutoke nyumba imekuwa kimya, hata friji likikoroma nashtuka? Ukanambia, "Nitakutumia kitu, dada, usiwe mpweke." Nilipopigiwa kwamba kuna mzigo wangu bandarini nikadhani ni begi lako limetangulia. Wallahi nilidhani hivyo. Nikafua mashuka ya kitanda chako. Ndipo likaja boksi, na ndani ya boksi dude jeusi zito kuliko mfuko wa unga, lina matundu mgongoni utadhani chujio.

Na spika hakuna hata moja! Ulisahau, au ulidhani huku zinaota kama mihogo?

Nikaenda dukani peke yangu, nikijiona najua. Muuzaji akanionyesha sabufa yenye taa za rangi zinazorukaruka, akasema hii mama inatikisa mtaa mzima. Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu, sina mtaa wa kutikisa. Hata hivyo ningeinunua, maana nilikuwa nimechoka na jua, kama si fundi Manase kunikuta pale kaunta.

Manase humjui. Ni mtu wa Amani, kule milimani, wa makamo yangu, ana kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko, na Jumapili huimba besi katika kwaya ya Kilutheri. Nilimfundisha bintiye darasa la tatu, kwa hiyo mimi kwake ni Mwalimu tu, jina langu sidhani kama analijua. Akaniuliza risiva ni ya namna gani. Nikamjibu ni nyeusi. Hakucheka, namshukuru. Akaja nyumbani na tochi, akalala chini kifudifudi, akanisomea maandishi ya mgongoni mwa mashine: njia tano za spika na moja ya sabufa, na namba za ohm, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme, kuanzia sita mpaka kumi na sita.

Kumbe hiyo namba ndiyo mambo yote, Talal. Mimi nilidhani spika huchaguliwa kwa ukubwa wa sanduku. Manase kanambia, "Mwalimu, spika ya ohm nne itainyonya hii mashine mpaka ipate moto ijizime yenyewe. Tutafute za nane." Nikamuuliza habari za wati, maana muuzaji alinitajia wati kama anahesabu mbuzi. Akasema wati zisinitishe, kinachoua spika ni mtu kuikamua mashine ndogo mpaka ipige kelele.

Neno lake jingine lilinichekesha. Alisema tatu za mbele, ya kushoto, ya kulia na ya kati, lazima ziwe za ukoo mmoja, ili sauti ikihama kutoka huku kwenda kule isibadilike. Mbili za nyuma zinaweza kuwa za ukoo mwingine, maana kazi yao ni kuitikia tu. Na ile ya kati ndiyo inayotoa maneno ya watu. Ukikosea hiyo utaona midomo inafunguka na husikii kinachosemwa. Nikamwambia hiyo naijua, ninaye ndugu yangu wa namna hiyo kwenye simu.

Tulihangaika wiki tatu. Za pembeni na mbili za nyuma tulizipata kwenye duka la vitu vilivyotumika, za mbao, ohm nane, nzuri kweli. Ya kati ya ukoo wao haikuwapo Tanga nzima. Manase akaja kuipata Muheza kwa mtu aliyekuwa ameigeuza kigoda cha kuwekea redio. Siku alipoileta niliipangusa vumbi kwa kanga yangu mwenyewe.

Jumatatu ya wiki iliyopita akaanza kuzifunga. Kabla ya lolote alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja. Pa! Likarudi kofi lake ukutani. Akapiga tena. Akanambia, "Chumba hiki kina mwangwi, Mwalimu. Hakina mazulia wala watu." Mazulia niliyakunja baada ya hitma ya mama, sikuona sababu ya kuyatandika kwa miguu yangu miwili. Nikaenda kuyatoa.

Halafu akaniuliza, "Unakaa wapi ukisikiliza?" Nikamwonyesha kiti changu, kile cha mkono wa mbao. "Na wengine?" Nikamuuliza wengine gani. Akainama akajifanya anatafuta bisibisi, na bisibisi ilikuwa mkononi mwake.

Risiva ilikuja na kimaikrofoni kidogo chenye waya mrefu, sijui kama wewe ulikitumia. Unakiweka pale kinapokuwa kichwa cha msikilizaji, watu wote wananyamaza, na mashine inapiga fyuu, fyuu, kutoka kila kona, ikijipimia yenyewe umbali wa kila spika na sikio la mtu. Kikawekwa kwenye kiti changu. Kupimiwa hivyo, kwamba katika nyumba hii yote ya marehemu baba sikio ni moja na lipo pale, kulinichoma kidogo.

Sasa sikiliza kilichotokea Alhamisi, na usicheke mpaka nimalize.

Siku tatu nzima sikutoka nje kwa ajili ya waya na vumbi la kutoboa kuta. Alhamisi saa nne asubuhi kazi imebaki kidogo, Manase akatoka kufuata waya mwingine, mlango kaurudishia tu. Akaniambia nijaribu sauti. Mimi filamu sina. Nilichokuwa nacho ni ile flashi tuliyotayarisha kwa hitma ya mama, yenye Yasini. Nikaichomeka, nikafungua madirisha kwa joto, nikaongeza sauti nisikie za nyuma zinaitikiaje. Mashaallah, ilikuwa kama msomaji yumo chumbani. Nikaiacha isome, nikaenda uani kufua.

Wewe ni mtoto wa mtaa huu, Talal. Mtu mzima anayekaa peke yake hajaonekana siku tatu, barazani hakai, dukani hapiti, na Yasini inajaa njia nzima saa nne ya asubuhi. Nani atauliza?

Nikiwa uani nikasikia miguu ukumbini, miguu mingi, na mwanamke anasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nikamjua Sabiri, yule mwenye duka la mkaa mbele yetu, akiuliza maiti yuko chumba gani. Ritha naye, jirani yangu Mkatoliki anayenipikia vitumbua, alikuwa analia kilio cha kweli. Nikataka kuita kwamba nipo hai, jamani. Lakini Ritha akauliza katikati ya kilio, "Tumsubiri Talal?"

Sabiri akamjibu, "Talal wa Maskati? Hakuwahi kwa mama yake, atawahi kwa dada yake? Tutazika baada ya adhuhuri."

Na hakuna aliyebisha. Sikiliza vizuri hapo, mdogo wangu: ukumbi umejaa watu waliokulea, na hakuna hata mmoja aliyebisha.

Nilisimama na shuka mkononi, maji yananichuruzika miguuni. Nilipoingia ndani Ritha aliangusha sufuria alilokuja nalo, na Sabiri, mwanamume mzima na ndevu zake, akakaa chini sakafuni akaanza kusoma dua. Nikamwambia, "Sabiri, ungalinizika hai!" Ndipo wakaangua kicheko, loo, kicheko cha machozi. Bi mkubwa wa nyumba ya tatu alinishika mashavu kuhakikisha yana joto.

Na hawakuondoka. Mikeka walishaileta, basi wakaitandika. Lile sufuria la matanga tukapikia chai. Nilihesabu watu thelathini na mmoja sebuleni na ukumbini, na nusu yao hawakuwa wamekanyaga hapa tangu mama alipozikwa. Manase aliporudi na waya wake akashangaa mlangoni. Nilipomweleza, akaja akasimama kati ya watu akapiga kofi lake. Halikurudi. "Mwangwi umekwisha," kanambia. "Miili ya watu inaunywa."

Alasiri wakaenda kila mmoja kwake. Ritha aliosha vikombe, tukakunja mikeka, akaenda na yeye. Nikasimama mahali pale aliposimama Manase nikapiga kofi. Likarudi.

Talal, mimi ni mpweke. Nimelizunguka neno hili miaka miwili na sasa nimeliandika kwa wino. Nashukuru kwa risiva, ina sauti nzuri kuliko nilivyowahi kusikia, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Jioni nakaa na sauti za watu kutoka pande tano na hakuna hata mmoja anayeniuliza nimekula nini.

Kwa maneno ya Sabiri nilikukasirikia wewe siku tatu. Siku ya nne nikajikasirikia mimi. Najua ya mama haikuwa makusudi, maiti kwetu hasubiri ndege. Ukasema utakuja arobaini. Ukasema Idi. Na mimi kila mara nilikujibu, "Haya, ukipata nafasi," nikijifanya mtu mwenye subira, kumbe ni kiburi, sikutaka nionekane naomba. Leo siandiki ukipata nafasi. Naomba. Njoo kabla ya Ramadhani, tuvunje jungu pamoja katika nyumba hii, wewe na watoto, au hata wewe peke yako na goti lako. Nikifa, Sabiri atanizika vizuri, sina wasiwasi naye. Wewe nakutaka nikiwa nasikia.

Jana nimemwita Manase tena. Nimekitoa kiti cha baba chumbani kwa mama, nimekiweka ubavuni mwa changu, nikamwambia apime upya kwa viti viwili. Alinionya. Alisema akikaa mtu mmoja katikati hupata sauti timamu, lakini wakikaa wawili kila mmoja hupungukiwa kidogo, na hakuna mashine ya kulitibu hilo. Nikamwambia apime hivyo hivyo. Akaweka kimaikrofoni kwenye kiti changu, kisha kwenye kiti cha baba, nami nikasimama mlangoni nimeziba mdomo kwa kanga ili nisiharibu kipimo.

Nisalimie sana Aliya, mwambie ile haluwa tumeigawana na Ritha mpaka makombo. Mbusu Badr. Salamu kwa Bi Zuwena wa ghorofa ya chini anayekuhimiza kwenda hospitali, mwambie asichoke. Ritha anakusalimu. Sabiri pia anakusalimu, hajui kama nilimsikia, na wewe usimwambie. Mungu akulinde barabarani, akuponye goti, akurudishe kwenu ukiwa na afya na uso mkunjufu.

Mashine hii sasa inaamini tupo wawili. Nimeizima, nimeifunika kitambaa, na sitaiwasha tena mpaka uje uketi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna,

Ghadir