Kiti cha Mkuu wa Polisi

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Naandika Kiswahili makusudi. Komal, mjukuu wangu, anakisikia lakini kukisoma hajui. Afadhali.

Nimeenda Croydon, hapa hapa London, kuona maonyesho ya polisi wa kikoloni. Bado wanapanga, ufunguzi Jumamosi. Nikakiona — kiti cha mkuu wa polisi wa mji wetu kule Kenya! Nakijua, nilikuwa nikimpelekea baba chakula ofisini. Kibao kinasema mkuu huyu aliletwa kutoka London kusafisha kikosi kilichooza kwa hongo.

Kikosi gani? Waliokula hongo ni wakubwa wawili, Wazungu wote. Aliyewafichua ni baba yangu, Inspekta Avtar. Walipofukuzwa akakaimu yeye ukuu wa polisi, karibu mwaka, mji ukatulia. Halafu gavana akasema, baada ya aibu ile cheo apewe mtu safi kutoka kwao Uingereza. Mtu safi! Wezi Wazungu, anayeshukiwa baba, kwa kuwa ni Singasinga. Na baba akaambiwa amfundishe mgeni kazi. Nimerudi kwa tramu na hasira zangu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempigia Marion, Mkenya anayesimamia maonyesho. Nataka jina la baba liandikwe, basi. Msichana wa adabu — pole Auntie, pole sana. Lakini kiti kimetolewa na mtoto wa yule mkuu, na maneno ya kibao ni yake. Kisha akauliza kama naweza kuwaletea samosa siku ya ufunguzi.

Samosa!

Alhamisi, 10 Oktoba

Ndugu yangu Jaspal amekuja kutoka Tooting. Eti achana nayo, dada, baba mwenyewe alinyamaza. Nikamwambia alinyamaza kwa sababu alikuwa na sisi wa kulisha. Wangu mimi wameshakula wakashiba. Sinyamazi ng'o!

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimefika mapema. Samosa sikubeba hata moja.

Mtoto wa mkuu — mzee kama mimi, suti, bakora — alikuwa apigwe picha amekalia kile kiti. Wakaondoa kamba iliyokizingira. Alipogeuka kumsalimu mpiga picha, nikajibwaga mimi!

Marion akaja mbio: Auntie tafadhali, hicho ni cha maonyesho. Nikamwambia basi leo nionyesheni na mimi. Mlinzi akaniomba nisimame kwa hiari. Nikasema nitasimama jina la baba likishaandikwa. Wamekwenda kushauriana. Naandika hapa hapa kitini. Watu wananipiga picha kwa simu.

Mzee anakuja. Amesimama mbele yangu. Ananiambia taratibu kwamba baba yake alikuwa akisema kila Krismasi: kazi nilifundishwa na Avtar.

Kumbe alijua! Alijua, na kibao akakiandika vile vile!

Marion amesikia. Amechukua kalamu, anamuuliza: sasa niandike? Mzee anatazama bakora yake. Mlinzi naye anarudi na mwenzake.

Mimi bado nimekaa.