Isale Mbele ya Jiko la Elisaria

Sakina, Arusha

Mdogo wangu Hadija, mtoto wa mama yangu,

Assalaam alaikum. Barua hii ikukute umekaa kivulini, umekula, na goti lako limetulia. Uwele mmevuna au ndege wamemaliza? Yule mbuzi mwekundu amezaa? Na shemeji yangu, mume wako, kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima, isipokuwa mguu wa wifi yako Zaina, na huo mguu ndio habari yenyewe.

Kwanza ujue mwandiko huu ni wangu. Mpangaji wangu, mwalimu, alitaka kunishikia kalamu, nikamwambia mwalimu, mimi nimesoma ngumbaru mpaka nikapewa cheti, na mkono uliochinja ng'ombe wa Sakina yote hauwezi kushindwa na kalamu. Nimeanza kuandika alfajiri. Wewe soma polepole, usinicheke.

Umeniandikia kwamba habari zimefika Kondoa, kaka yako anagombana na tajiri kwa ajili ya barabara. Ukasema niache, nimchukue Zaina turudi nyumbani, maskini hapigani na mwenye pesa. Hadija, hayo umeyasikia kwa mtu aliyeyasikia kwa mtu. Sasa yasikie kwangu.

Barabara ya Nairobi inapita hapa katikati yetu. Zamani pembeni ya lami palikuwa na njia ya miguu. Wa msikitini, wa kanisani, akina mama wa ndizi, wote walipita hapo. Tangu serikali ilipofungulia biashara, kila mwenye pesa ana basi na kila mwenye uchochoro ana duka, na ile njia ikaliwa kidogo kidogo. Aliyekula kipande kikubwa ni Elisaria, Mchaga mmoja mwenye hoteli ya nyama choma. Mabasi ya Namanga husimama kwake abiria wale. Alijenga ukuta mpaka ukingoni mwa lami, njia ikabaki ndani ya ua wake, na juu yake akaweka jiko la kuchomea nyama. Tangu hapo mtu wa miguu akifika pale anashuka kwenye lami, anauzunguka ukuta na mabasi yanampulizia honi mgongoni, ndipo apande tena.

Wifi yako alikuwa anauzunguka ukuta huo na beseni la maandazi kichwani, pikapu ikampiga. Dereva hakusimama. Mguu ukavunjika juu ya goti. Nilipoitwa nilimkuta kalala chini, maandazi yametapakaa, na Elisaria kasimama langoni kwake anachokonoa meno. Nikamwambia, "Elisaria, ukuta wako umenivunjia mke."

Akanijibu mbele ya watu, "Mzee Issa, ukuta wangu haukutembea. Mama ndiye alikuwa anatembea barabarani kama gari."

Wako waliocheka. Mimi nikatafuta gari la kumpeleka Zaina hospitali. Wewe unanijua nikichekwa, tangu siku zile za marehemu baba.

Sasa kazi yangu unaijua. Hapa hata Mkristo mwenye hoteli humwita Mwislamu achinje, ili wateja wote wale bila wasiwasi. Na Sakina nzima kisu kinachoaminika ni changu. Sijisifu, uliza yeyote. Siku ya pili akaja mfanyakazi wa Elisaria, "Mzee, mbuzi wako tayari." Nikamwambia, "Kamwambie bosi wako kisu changu nacho kinatembea kama gari. Kwake kimeshapita."

Elisaria akatafuta mchinjaji mwingine kutoka Kijenge, kijana ana ndevu nzuri. Nikamngojea njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi na kisu?"

"Kwa Elisaria."

"Aliyekuwa anachinja pale ni mimi. Nimeacha mwenyewe. Muulize kwa nini, akishakujibu, chinja."

Akaenda, akauliza. Alirudi na kisu kikavu, akanipa mkono, akashika njia ya kwao. Baada ya hapo konda akiuliza nyama imechinjwa na nani, mhudumu anatazama viatu vyake. Abiria wakawa wanabaki ndani ya basi, wanasema twende tutakula mbele. Nyama ikaning'inia kwa Elisaria mpaka nzi wakaichoka. Zaina alikuwa bado hospitali, mguu umefungwa plasta, nami kila nikienda kumwona namweleza. Yeye ananiuliza tu kama kuku wamekula.

Basi wakaja watu wa mipango na ramani yao, wakatuita ofisi ya kata. Mhandisi ni mama mmoja, mpole, lakini anasema kweli. Akaeleza kwamba wanataka kutengeneza njia za waenda kwa miguu pande zote mbili za barabara, zilizoinuka, zenye ukingo wa mawe, magari yasipande. Watu wakapiga makofi. Elisaria akasimama, koti limempendeza, akasema yeye anaunga mkono maendeleo, ila kwake njia ipite nyuma.

Nikasimama mimi. "Nyuma kwako kuna mtaro na choo. Mke wangu na mkongojo wake aruke mtaro, anuse choo, ili mbuzi wako wapate nafasi ya kuchomwa?"

Safari hii walicheka upande wangu.

Mhandisi akasema ukuta kweli umeingia barabarani, lakini kesi inaweza kuchukua miaka. Elisaria akikubali, njia itanyooka. Asipokubali, itaishia ukutani na kuanza tena ng'ambo ya ukuta. Akasema atarudi kupima, tuelewane sisi wenyewe. Hadija, njia inayokatika palepale mke wangu alipoangukia, ya nini?

Sasa nikueleze jambo la watu wa huku. Wachaga wana mmea wanauita isale, una majani marefu ya kijani. Mtu akikukosea akakuletea jani la isale, hukatai. Ukikataa, kosa linahamia kwako. Elisaria biashara imemkalia vibaya, akaona dawa ni hiyo. Akaja asubuhi na wazee wawili wa kwao. Wenzake huleta jani moja. Yeye kwa kuwa ni mkubwa, lazima aonekane mkubwa, akaleta tawi zima na shina lake.

Akapiga goti. "Mzee Issa, nilisema neno baya siku ile. Nimekuletea isale. Yaishe. Urudi kuchinja, na lile la njia tulimalize kiume, ipite nyuma."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Isale nimepokea." Wazee wakashukuru, wakataka chai. Nikawaambia chai baadaye, twende kwanza kwa Elisaria. Nikachukua jembe. Tukaingia uani kwake, nikasimama mbele ya jiko lake, pale ilipokuwa njia ya zamani, nikachimba shimo, nikalipanda lile tawi, nikashindilia udongo kwa kisigino.

Elisaria akasema, "Mzee, unafanya nini?"

"Mimi Mrangi, mila zenu sizijui vizuri. Lakini katika mashamba yenu yote nimeona mpaka wa shamba mnauwekea isale. Nami nimeuweka. Huku njia, huko hoteli. Ukitaka, ling'oe."

Wazee wakatazamana. Yule mkubwa wao akamwambia, "Elisaria, hilo hung'oi. Umelileta mwenyewe kwa mkono wako." Kisha akaniuliza ile chai iko wapi.

Mhandisi aliporudi na kamba yake alikuta isale limesimama. Akauliza nani kapanda, watu wakatazama juu. Elisaria akamwambia apime hapohapo. Ukuta umebomolewa na mafundi walewale walioujenga, na jiko limehamia ndani. Njia imemwagwa kifusi, bado mawe ya ukingo. Zaina ametoka hospitali, anapita pale kila asubuhi na mkongojo, na mimi nyuma yake. Tukifika langoni kwa Elisaria namwambia pumzika, hata kama hajachoka. Watu watazame.

Na kuchinja sijarudi. Nilisema nimepokea isale, kisu sikukitaja.

Basi usiniambie turudi Kondoa. Nikiondoka sasa, nani atamtazama Elisaria? Anamwagilia lile isale mwenyewe kila asubuhi, Hadija, na kopo, kainama, maana likikauka watu watasema msamaha wake haukuwa wa moyoni. Nami nimeweka kigoda ng'ambo ya barabara. Mawe ya ukingo yakimalizika ndipo nitafikiria safari.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie anywe tangawizi. Wasalimie wajomba zangu wadogo, wanao wote, na mama mkwe wako, na yule jirani aliyetuchimbia kaburi la mama. Imamu wa pale mpe salamu zangu za pekee, mwambie yule Issa aliyekuwa akichapwa naye madrasa sasa Sakina nzima inamjua.

Wifi yako anakusalimu sana. Jana alisimama langoni akaitikia salamu ya Elisaria, akamwuliza na habari za watoto. Njiani akaniambia, "Mguu nimevunjika mimi, lakini anayechechemea ni wewe." Anataka nikuandikie kwamba yeye ameshasamehe. Nimeandika kama alivyosema.

Mimi bado.

Kaka yako wa tumbo moja,
Issa, mchinjaji wa Sakina