Siku Nilipokuwa Mkalimani Wako

Mpendwa Mama,

Jana nilikuwa uwanjani na skauti wangu wadogo, nawaonyesha namna ya kukaza fundo kwenye fito. Msichana mmoja akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamjibu, "Idsowe, kwenye kambi." Hakuniuliza nani alinifundisha, nami sikusema, maana kengele ilikuwa karibu kulia. Nimerudi nyumbani, nikaona nikuandikie wewe. Najua hukuwahi kusoma barua hata moja. Ungekuwepo ningekusomea, nawe ungeendelea kusuka mkeka wako kama mtu asiyesikiliza.

Nilikuwa darasa la sita. Ninyi mlikuwa mnahama na ng'ombe, kwa hiyo mlinipeleka kwa shangazi, mjini Garsen, ili nisome. Nilijifunza mambo mengi huko, na moja lilikuwa baya: niliwaambia wenzangu kwamba shangazi ndiye mama yangu. Shangazi alikuwa na nyumba ya mabati na redio. Wewe ulikuwa unapita mjini na punda wako, vidumu vya maziwa vimening'inia huku na huku, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Ukija kuniona ulikuja kwa mlango wa nyuma. Nilidhani ni kwa sababu ya punda. Sasa nafikiri ulikuwa umeshaelewa.

Shule ikaunda kikosi cha skauti. Nilipenda ile skafu kuliko kitu chochote nilichowahi kuvaa. Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Kazungu, mtu mpole kutoka upande wa Malindi. Alitupeleka Idsowe tupige kambi siku mbili, na mahema matatu ya kuazima na kitabu chenye michoro. Tulifuata ile michoro mstari kwa mstari. Lakini aliyekichora hakuwahi kuiona ardhi yetu. Ule udongo mweusi, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Kigingi unakipigilia, unageuka, kimelala. Upepo ukavuma kutoka mbugani, hema la kwanza likaanguka. La pili likapasuka. Na upande wa Tarasaa wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi.

Ndipo ukapita, unatoka kuuza maziwa. Ukasimamisha punda, ukatutazama, ukajifunika mdomo kwa mtandio. Ulikuwa unacheka.

Rafiki yangu Zipora, msichana wa Kipokomo tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, akaniuliza, "Yule mama unamjua?"

"Simjui," nikasema. "Ni mama wa maziwa tu."

Nilisema kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Hukugeuza hata uso.

Mwalimu akakuita. "Mama, shikamoo. Mbona unatucheka?"

Ukamjibu kwa Kiorma. Mwalimu akatafuta kwa macho, akanipata. "Halima, wewe si Muorma? Njoo ututafsirie."

Nikaja nikasimama katikati yenu. 

"Mwambie mwalimu wako," ukasema, "turubai lake si baya. Mifupa yake ndiyo mibaya."

Nikatafsiri. Mwalimu akacheka, akakuomba utuonyeshe. Ukafunga punda kwenye kichaka, ukaingia kazini. Ulitutuma fito za mathenge, ule mti wa miiba, ndefu na mbichi, tukaparurwa mikono. Ulituchimbisha mashimo membamba, yamepangwa kwa duara, ya kina cha kufika kiwikoni, ukatuonyesha jinsi ya kushindilia udongo kwa mpini wa panga. Ukapinda fito, ukazifunga vichwa, ukazizungushia nyingine kiunoni. Na muda wote huo ulikuwa unazungumza.

"Umekonda. Shangazi yako anakupa chakula?"

"Anasema," nikamwambia Mwalimu, "fito zisiwe nyembamba sana."

"Baba yako ana kikohozi, lakini anaendelea vizuri. Yule ndama uliyempa jina amekua, ana pembe."

"Anasema tukaze kamba."

Zipora akakunja uso. "Maneno yote yale, ni kukaza kamba tu?"

"Kiorma ni kirefu," nikasema.

Uliinamia fundo, mabega yanakutetemeka kwa kicheko. Nami nikacheka, Mama, sikuweza kujizuia. Kwa muda tulikuwa wawili tu pale, mimi na wewe, watu ishirini wametuzunguka na hakuna aliyejua. Ulinishika vidole ukaniongoza: kamba ipite chini, izunguke mara mbili, ivutwe kuelekea kwako. Mikono yako ilinuka maziwa na moshi. Sikutaka uiondoe.

Tulitandika mahema ya Mwalimu juu ya ile mifupa, tukayafunga. Mvua ikashuka kabla hatujamaliza kushangilia. Tukajibana ndani wote, na wewe, na Mwalimu na kitabu chake kimelowa. Upepo ulisukuma, nyumba ikainama kidogo, ikarudi. Halikuingia hata tone.

Ilipokatika, ukainuka kwenda kufungua punda. Mwalimu akatupanga mstari tukupigie saluti. "Halima, muulize jina lake tumshukuru."

"Anaitwa Makai," nikasema.

Zipora akageuka polepole. "Hujamuuliza."

Nilikutazama. Ningeweza kusema nilisikia sokoni. Ulikuwa umeshika kamba ya punda, unaningoja, na ukaniambia kwa Kiorma, taratibu, "Mwambie unavyotaka wewe. Mimi nitakubali."

Hapo nikalia. "Ni mama yangu, Mwalimu."

Nawe, ambaye mchana kutwa nilikutafsiria kana kwamba hujui neno, ukamgeukia Mwalimu ukasema kwa Kiswahili chako cha sokoni, kifua mbele: "Hii mtoto yangu. Ya tatu. Darasani ni namba mbili!"

Kwa hiyo hata lile "Simjui" ulikuwa umelisikia. Ulikuwa umeelewa kila neno tangu mwanzo.

Walikupigia saluti. Zipora hakusema nami mpaka siku ya pili, tukiwa tunakunja mahema. Akaniambia, "Mimi ningekuwa na mama kama huyo ningemtembeza shule nzima." Basi.

Hukunigombeza kamwe. Miaka mingi baadaye, nimeshakuwa mwalimu, nilikuja nyumbani na nia ya kukuomba msamaha. Nikaanza: "Mama, unakumbuka siku ile Idsowe?" Ukasema, "Nakumbuka. Ile mvua ilituletea majani, ng'ombe wote wakazaa." Ukanimiminia chai. Nikajaribu tena, ukaniuliza kama watoto wamepona surua. Nikaelewa kwamba hutaki, nikanywa chai. Mwaka uliopita ukaondoka duniani, na mimi bado nilikuwa nimelibeba lile neno.

Hadithi hii naisimulia mara nyingi, na watu hucheka nikifika kwenye ile tafsiri yangu. Lakini kila mara naianzia pale Mwalimu alipokuita. Lile jibu nililompa Zipora nalipita. Hata mume wangu hajawahi kulisikia. Leo nimeliandika kama lilivyotoka kinywani mwangu, na nimeliweka mahali ambapo kila mtu atalisoma, kwa sababu na mimi nililisema mbele za watu.

Mungu akupe mapumziko mema, Mama. Nilikujua. Nilikujua tangu ukiwa mbali kule barabarani, hata kabla sijaona uso, kwa mwendo wako tu.

Mimi binti yako,
Halima