Mstari Mmoja Uliomnyima Susu Nduku Mahindi

Zombe, Jumatano, Septemba 1992. Jua kali tangu asubuhi, vumbi kila mahali, na mimi sina hamu hata ya chai.

Leo nimemnyima mama mzee chakula. Niandike hivyo hivyo, nisijifiche.

Kazi yangu ni kuandika programu ya kompyuta ya kugawa mahindi ya msaada. Mtu anatoa kadi, mashine inatafuta namba yake kati ya maelfu, kisha anaitwa na kupimiwa. Kompyuta yenyewe ni kuukuu, inaendeshwa na jenereta, na kumbukumbu yake ni ndogo. Ndiyo maana mkubwa wangu, Bwana Kilonzo, alibandika karatasi pembeni ya kioo: ndani ya mzunguko wa kutafuta, namba tu. Kuunganisha maneno ni marufuku. Mzunguko ni zile hatua ambazo mashine huzirudia kwa kila namba inayoipitia.

Niliiona ni sheria ya ubahili. Lugha ya programu inaniruhusu kuunganisha maneno kwa alama moja ya kujumlisha, kwa nini nijinyime? Na sababu naijua. Kila ukiunganisha, mabaki yanakaa kwenye kumbukumbu. Nafasi ikijaa, mashine inaacha kila kitu ifagie kwanza, na ikianza kufagia haimsikii mtu.

Lakini mwezi uliopita Susu Nduku (susu ni bibi kwa Kikamba), anayetembea kutoka mbali sana, alikataa kuitika alipoitwa kwa namba.

"Mwanangu, mimi si ng'ombe ya mnada," aliniambia.

Niliona aibu. Kwetu mzee huitwa kwa jina, na kina Nduku ni wengi, lazima useme ni Nduku wa nani. Basi juzi nikaongeza mstari mmoja wa kuunganisha jina la mtu na la baba yake. Niliuweka ndani ya mzunguko kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi. Sikumwambia mtu. Nilijaribu kwa kadi kumi, ikaenda vizuri, nikajipongeza.

Kadi kumi!

Leo foleni ilizunguka soko zima. Kufikia saa tano mashine ilianza kuganda, dakika mbili, kisha tano, kisha zaidi. Orodha ya karatasi, ya kutumia mashine ikigoma, iliachwa Kitui. Kosa nililijua tangu iliposimama mara ya kwanza, nikanyamaza, nikiomba Mungu tumalize siku bila kuaibika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Saa kumi na moja dereva wa lori la mahindi alifunga turubai, maana haruhusiwi kusafiri gizani. Lori likaondoka. Ndipo kioo kikaandika: Nduku wa Mulwa. Nikaita bila kufikiri. Akaitika kwa sauti, akaja anatabasamu, gunia lake ameshalifungua.

"Mwikali, si nilisema huko ndani ni namba tu?" Bwana Kilonzo aliniuliza. "Ulikuwa unataka kufurahisha nani?"

Niliyetaka kumfurahisha alikuwa anakunja gunia.

Nimefika chumbani na mashine na jenereta yake, nikauhamisha ule mstari nje ya mzunguko, jina liunganishwe mara moja tu, mtu akishapatikana. Mashine sasa inakimbia, na majina yanatoka kamili. Kazi yote ilikwisha hata sufuria ya maji niliyoteleka haijachemka.

Mgao mwingine ni mwezi ujao. Watu husema kesho ni siku nyingine. Kwa Susu Nduku, ni ya kwanza kati ya thelathini.