Chaki Chini ya Gari ya Magurudumu Matatu

Patron,

Ni mimi Jules, mwanafunzi wako wa garaji. Matanga yako tumeyatoa jana. Sitazunguka, maana hukupenda maneno ya kuzunguka: nimemshtaki mke wako mbele za watu.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba fundi akifa, zana zake haziguswi mpaka matanga yatolewe. Basi nikafunga chumba cha nyuma, humo iko ile gari uliyoiunda miaka sita kwa mfano wa gari la kwanza kabisa duniani: moteri ya pampu ya maji, magurudumu matatu ya baiskeli, fimbo moja badala ya usukani. Taxi za Isipingo tulizozitengeneza zilitulisha, lakini roho yako ilikuwa kwenye mashine ile ambayo haikuwahi kuwaka.

Wiki ya pili nikaona spana namba kumi na tatu imehama msumari wake. Eish, Patron! Ufunguo tuko nao wawili tu, mimi na mke wako, Mama Béatrice. Nikachora chaki sakafuni kuzunguka kila kitu. Kesho yake chaki imefutika. Nikafunga uzi mlangoni, uzi ukakatika. Kisha bomba la petroli likatoweka, na breki nazo. Nikasema basi, mama anauza vyuma vya marehemu kwa wale wa chuma chakavu Pinetown, kipande kwa kipande. Hata aliponikaribisha fufu, nilikula huku nachungulia kucha zake. Zilikuwa na grisi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na nikaomba sahani ya pili.

Jana, pasta alipomaliza kuomba, nikasimama nikamwaga yote: chaki, uzi, bomba, kucha. Dada yako akaanza kulia. Mama Béatrice alivua kitambaa chake cheusi, akakikunja vizuri, akatuongoza chumba cha nyuma.

Gari ilikuwa nzima. Bomba limezibuliwa na kurudishwa, breki zimevishwa ngozi. Ngozi ya viatu vyako vya Jumapili, Patron, niliitambua kwa mshono. Akashika lile gurudumu zito la kuwashia moteri, akalizungusha mara moja, mara mbili, mara ya tatu moteri ikashika. Ikanguruma mpaka makopo ya rangi yakacheza! Ndipo akanigeukia: "Fundi mmoja alikufa. Mwingine iko."

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikakumbuka hadithi uliyonipigia kila taxi ilipogoma. Kwamba Mjerumani mmoja aliunda lile gari la kwanza, karatasi ya serikali ya kutambua uvumbuzi ikaandikwa jina lake, lakini mke wake ndiye aliyeliingiza barabarani bila kumwambia, yeye na wanawe wawili, safari ndefu hadi kwa mama yake. Bomba likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Breki zikaisha, akamwambia fundi viatu azivike ngozi. Petroli akanunua duka la dawa, maana vituo havikuwako bado. Ulimalizia hivi kila siku: "Bila yule mama, ingebaki pambo la uani." Nami nikicheka, nikidhani unanichangamsha tu.

Sasa ninakushuku wewe. Mama anasema gari mliichora pamoja kwenye meza ya jikoni, na kwamba alfajiri, kabla sijafika, alikuwa anafunga bolti ambazo mimi nilizisifu kuwa zako. Mbona hukuniambia? Miaka sita! Mke wa Mjerumani ulimpa sifa zote, wako ukamwacha mbele yangu akileta chai. Uliogopa madereva watacheka? Au ulipenda kusifiwa? Nimekukasirikia, Patron, na bado kila asubuhi naweka vikombe vitatu, kimoja chako. Sijui nifanye nini na haya mawili.

Nimemwomba msamaha kwa magoti. Hakusema amenisamehe. Alinipa ndoo na brashi, akaniambia nisugue chaki yangu yote, na kesho nifike saa kumi na mbili kamili, iko taxi inangoja.

Kibao cha nje kina jina lako peke yake. Nakuahidi kabla ya Jumapili la kwake litakuwa pembeni, kwa rangi ileile na ukubwa uleule. Pumzika, Patron wangu. Kipande cha chaki kilichobaki ndicho ninachochorea herufi zake.

Jules